Siku Seva Ilipohama Namuwongo

Simu yangu ikiita siku hizi, naiacha iite. Namalizia kumenya ndizi, nanawa mikono, najifuta, ndipo naanza kuitafuta ilipo. Majirani zangu hapa Kyebando wanadhani uzee umenitia uziwi. Masikio yangu ni mazima. Nimestaafu tu, na kabla ya kustaafu nilipona ugonjwa wa kurukia simu. Huko kupona ndiko ninakotaka kuwasimulia ninyi vijana mnaoingia kazi ya kompyuta, hasa wewe uliyekabidhiwa juzi ufunguo wa chumba cha seva ukajiona umepanda cheo. Hebu kaa chini kwanza.

Jina langu ni Zainabu Akello. Baba alikuwa mwanajeshi, Mkatoliki wa Gulu. Mama ni Mwislamu wa Arua. Walikutana kambini, na Kiswahili cha kambini ndicho kilichotulea. Baba alipofariki, mama alirudi kwao Arua, nami nikabaki Kampala nikitunza seva ya kampuni moja ya kuuza dawa kwa jumla, huko Namuwongo, upande wa chini karibu na reli. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kukaa kwa mama siku mbili tatu bila simu kuita na mimi kufunga mzigo nirudi. Macho ya mama yalianza kuingia ukungu, akawa ananitambua kwa sauti, na mimi nimefungwa kamba na mashine. Hilo ndilo lililokuwa likiniuma. Hata nikipotea njiani kuwaeleza habari za betri na viyoyozi, jueni habari ni ya macho ya mama yangu.

Kwa asiyejua, seva ni ile kompyuta ya kazi nzito ambayo kompyuta nyingine zote za ofisi zinaitegemea. Yetu ilibeba oda za zahanati na maduka ya dawa, kuanzia Kampala hadi kwa wateja wetu wa Kongo. Ilijua dawa gani ipo rafu gani, ipi inakaribia kuisha muda, gari lipi limepakia nini. Ikizimika, stoo nzima inabaki imekodoa macho. Wapakiaji wanakaa juu ya maboksi, madereva wanaanza kucheza karata, na mwenye kampuni anaanza kuita jina langu.

Mwenye kampuni alikuwa Mkenya, Nyambura, nasi tulimwita Madamu. Mwanamke wa kanisa, mchapakazi, mdomo mkali na moyo laini, ingawa moyo huo ulichukua muda kuonekana. Alikuja Kampala na biashara ndogo akaikuza kwa jasho lake, kwa hiyo alitaka kila kitu chake kiwe mahali anapoweza kukigusa. Asubuhi, kabla ya chai, alikuwa anafungua chumba cha seva, anaweka kiganja juu ya lile sanduku jeusi, anafunga mlango. "Iko moto kidogo," ananiambia. "Zainabu, uliiangalia?" Sanduku la seva ni la moto siku zote. Nilichoka kumweleza.

Chumba chenyewe sasa. Kilikuwa stoo ya mifagio. Tuliweka kiyoyozi kimoja, betri za akiba za kushikilia umeme ukikatika, na seva katikati. Kwa kuwa ndicho chumba pekee chenye baridi katika jengo zima, kila mtu alikuwa na haja nacho. Niliwahi kukuta maziwa ya mtu juu ya swichi ya mtandao. Niliwahi kukuta keki ya harusi, yenye ghorofa, imeegemezwa kwenye betri, na mwenye keki akaniomba nisifungue mlango mara kwa mara ili krimu isiyeyuke. Siku za mfungo nilikuta watu wamejilaza sakafuni wakipoza kiu, na siku za kufunga za Wakristo wa ofisini nao hali ilikuwa ileile. Kwa hilo dini zetu hazikuwa na tofauti.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Lubega, fundi wa simu wa zamani, aliyetoka kwenye nyaya za shaba akaingia kwenye kompyuta bila kubadilisha mkoba wa vifaa. Alinifundisha kuingia chumbani na kusimama kimya kwanza. "Sikiliza feni, nnyabo. Feni ikianza kulia kama mutu ya kikohozi, usingoje ikufe." Alinifundisha kuandika jina kwenye waya ncha zote mbili, maana waya wenye jina upande mmoja utakufanya utambae chini ya meza na suti yako. Hayo mawili bado yana faida mpaka leo, hata kama mashine zenu zinakaa mawinguni. Kitu ambacho Mzee Lubega hakuweza kunifundisha ni namna ya kukizuia chumba kisiwe friji ya watu. Yeye mwenyewe alikuwa anaweka samaki wake humo.

Basi ndivyo maisha yalivyokwenda. Nikifika Arua, mama ananiandalia mkeka, ananipikia, tunaanza kuzungumza habari za watu wa kambini waliokufa na walio hai. Simu inaita. Nikitoka nje kupokea, nikirudi nakuta mama ameshashika mkoba wangu, anapapasa kutia ufuta wa kusaga na karanga za njiani. Hakuniuliza tena kuna nini. Aliuliza tu, "Mgonjwa yako ya Kampala iko na homa tena?" Nilikuwa nimemweleza zamani kwamba mashine ikipata joto inazimika, yeye akaichukulia kuwa homa, na tangu hapo seva ikawa mgonjwa wangu. Alikuwa ananitania. Lakini ukiwa umeketi saa nzima kwenye basi la kurudi, hujavuka hata daraja la Karuma, utani wa namna ile huanza kukukwaruza moyoni.

Daktari wa macho alisema ni mtoto wa jicho, anatolewa vizuri tu, ila mama asichelewe. Mama akakubali kwa sharti moja. "Siku wanafungua hii macho, mutu ya kwanza mi naona lazima ikue wewe. Mi sitaki fungua macho nione dokita." Nikacheka, nikaapa nitakuwepo. Nikaomba ruhusa kwa Madamu, nikamwachia Musa ufunguo wa akiba wa chumba cha seva. Musa alikuwa karani wetu wa stoo, kijana mwenye heshima zake, nikamwambia asiingie humo isipokuwa kwa dharura.

Wiki hiyohiyo dereva wetu mmoja alikuwa na kwanjula, anakwenda kujitambulisha kwa wakwe. Mnaijua kwanjula. Huendi peke yako, unakwenda na jeshi. Wanaume wote wa stoo walikuwa wasindikizaji, wote ni wa kuvaa kanzu na koti juu, na kanzu yenye mikunjo mbele ya wakwe ni aibu ya ukoo mzima. Asubuhi ya safari umeme ukakatika Namuwongo yote. Jenereta letu lilikuwa kwa fundi. Musa akasimama na kanzu yake mkononi, akatazama huku na huku, akakumbuka kuna soketi moja katika jengo hili ambayo umeme wake haukatiki.

Mimi nilikuwa Arua, nimemvika mama gomesi yake ya bluu, lile gauni lake refu la heshima, nimemshika mkono tunatoka kwenda hospitali. Simu ikaita.

"Anti Zainabu," ni Musa, sauti imekonda. "Anti, mashine imezima."

"Imezimaje?"

"Imezima tu yenyewe. Ikalia pii, pii, ikanyamaza."

"Musa, ulikuwa unafanya nini humo ndani?"

"Anti, ilikuwa dharura."

Niwaeleze, maana wengine wenu mtafanya hivihivi. Zile betri za akiba kazi yake ni kuishika seva kwa muda mfupi, jenereta liwake au mtu aizime seva taratibu, kwa adabu. Pasi ya nguo inakula umeme kuliko seva yenyewe. Walipanga foleni, kanzu baada ya kanzu, na nasikia ya bwana harusi ilipigwa pasi mara mbili kwa sababu ya kola. Betri zikaisha zote mara moja, na seva ikaanguka ikiwa katikati ya kuandika oda. Diski moja haikuamka tena. Ile "pii, pii" aliyoisikia Musa ilikuwa mashine inaomba msaada, naye akadhani pasi imepata moto vizuri.

Madamu akaingia kwenye simu. Gari la Kongo lilikuwa limesimama getini na nusu ya mzigo, hakuna aliyejua nusu ya pili ni ipi. Dripu za zahanati za mpakani zilikuwa humo. "Zainabu, mimi sikulazimishi," alisema, na mnaojua Wakenya wa biashara mnajua maana ya maneno hayo.

Mama alikuwa amesikia yote. Akavua ile gomesi ya bluu, akaikunja kwa kupapasa, akairudisha kwenye sanduku.

"Mama, daktari anangoja. Dada yako atakaa nawe."

"Hapana. Mi nilisema wewe." Akanitafuta bega, akaligonga kidogo. "Enda. Macho itangoja."

Nililia njia nzima. Sioni haya kusema. Nililia kwa hasira, na hasira yenyewe sikujua niielekeze kwa nani, kwa Musa, kwa kanzu, kwa Madamu au kwa watu wa umeme.

Kampala nilifanya kazi mpaka seva ikawaka tena. Nakala ya akiba ilikuwepo, ingawa ya siku iliyotangulia, tukalazimika kuwapigia wateja mmoja mmoja tuulize waliagiza nini. Musa alikuwa ananiletea chai kila baada ya muda bila kuombwa. Kwanjula ilikwenda vizuri sana, nasikia. Kanzu zilisifiwa.

Mambo yalipotulia nikamwendea Madamu. Nikamwambia nimechoka, na kwamba kuna watu kazi yao ni moja tu, kutunza seva za wenzao. Kituo cha data. Unapeleka mashine yako, inabaki kuwa yako, ila inakaa kwao, kwenye umeme wao, baridi yao na walinzi wao. Madamu akanitazama kama nimemwambia apeleke mtoto wake wa kwanza kwa mama wa kambo.

"Kitu yangu ikae kwa nyumba ya watu? Na nikitaka kuiona?"

"Utaiona kwenye kompyuta yako, Madamu, kazi zote zitakwenda kama kawaida."

"Mimi sitaki kuona kazi. Nataka kuona yenyewe." Akanyoosha mkono kuelekea kile chumba. "Hapa naigusa. Huko nitagusa nini?"

Nikamwambia habari ya mama. Sikuwa nimewahi kumweleza yote, sharti la mama, gomesi ya bluu, macho yanayongoja. Akapanga kalamu zake mezani. Kisha akasema, "Sawa, kaangalie tu. Kuangalia hakuna hasara."

Kituo chenyewe kilikuwa ng'ambo nyingine ya mji, mahali palipoinuka, mbali na bonde letu. Walituambia tutume mapema jina la kila anayekuja, na kitambulisho. Nikatuma jina langu. Asubuhi ya ziara natoka, namkuta Madamu ndani ya gari, kiatu kirefu, mkoba wa kanisani. Amebadilisha mawazo, naye anakuja.

Getini kulikuwa na mlinzi anaitwa Opio, mtu wa kaskazini, mrefu, mwanajeshi mstaafu ukimtazama tu mabega. Akasoma kitambulisho changu, akanipa beji. Akachukua cha Madamu, akakisoma, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Mama, pole. Jina yako hakuna."

"Hakuna kivipi? Mimi ndio mwenye kampuni."

"Ndiyo, mama. Lakini jina hakuna."

"Huyu ni mfanyakazi wangu! Yeye anaingia, mimi nabaki nje?"

"Yeye jina iko."

Mimi nilitaka ardhi inimeze. Madamu alipandisha sauti, akashusha, akapiga simu kwa mtu anayemjua, akaja na mengine. Opio alisimama palepale. Alimletea kiti kivulini, akamletea maji ya kunywa, akarudi mlangoni. Mimi nikaingia peke yangu, roho juu, nikijua nikitoka ndoto yangu itakuwa imekwisha.

Huko ndani nilitembezwa na fundi wa zamu, binti anaitwa Brenda. Nikafanya kama Mzee Lubega, nikasimama kimya kwanza. Vijana, feni zile zilikuwa zinaimba. Hakuna hata moja yenye kikohozi. Viyoyozi vilikuwa vingi, kimoja kikipumzishwa kingine kinashika zamu. Umeme unaingia kwa njia mbili, na nyuma kuna majenereta ambayo Brenda aliniambia yanawashwa mara kwa mara hata kama umeme upo, ili yasije yakagoma siku ya siku. Nikakumbuka letu, ambalo tulikuwa tunajua kama linafanya kazi siku tunapolihitaji, na mara nyingi tulijua kwamba halifanyi. Moto ukitokea, unazimwa kwa gesi badala ya maji. Intaneti inaingia kupitia kampuni zaidi ya moja, mtu akichimba barabara na kukata waya wa moja, wa nyingine upo. Kila waya una jina ncha zote mbili. Hapo nikahisi machozi, Brenda akaniuliza kama baridi imenizidi.

"Mtu akitaka kupiga pasi humu?" nikamuuliza.

"Pasi ya nini, Anti?"

"Basi, mwanangu. Tuendelee."

Nilipotoka nje, nimejiandaa kutukanwa, nikamkuta Madamu ameketi kwenye kile kiti chake, miguu ameinyoosha, anatabasamu.

"Zainabu," akasema, "huyo mtu nimemwambia mimi ni rafiki ya mkubwa wake, amekataa. Nimempa pesa ya soda, amekataa. Nimemwambia nataka choo tu. Amenionyesha choo ya nje." Akasimama, akakung'uta sketi. "Sisi kwetu muuza chapati anaingia kwa seva kuchaji simu. Kama hapa mimi mwenye mali nimeshindwa kupita, mwizi atapitia wapi? Leta hiyo kitu hapa."

Opio akampigia saluti tulipoondoka. Nadhani alikuwa anatania, lakini Madamu aliipokea kwa uzito wake wote.

Siku ya kuhama tulitandika godoro nyuma ya pikapu. Seva tuliizima kwa adabu, tukaifunga blanketi, nikakaa nyuma nayo nikiikumbatia. Musa alikaa upande wa pili. Alikuwa ameomba mwenyewe kuja. Dereva alikuwa yuleyule bwana harusi, na kila tuta la barabarani alilivuka kama anavusha mayai, magari nyuma yetu yanapiga honi mpaka basi. Madamu alitangulia na gari lake, na kabla hatujaondoka alikuwa amefanya maombi marefu ambayo Musa, pamoja na Uislamu wake, aliyaitikia amina kwa sauti kuliko Wakristo. Kufika, seva ikapandishwa kwenye kabati lake, ikafungiwa, ikawaka. Madamu, safari hii jina likiwepo, aliweka kiganja juu yake. "Haiko moto," akasema kwa mshangao, na nikaona amepungukiwa na kitu.

Nisije nikawadanganya kwamba ukipeleka mashine kwenye kituo basi akili unaiacha huko nayo. Nakala za akiba bado ni zako kuzifanya, na kuzijaribu kama zinafunguka, maana nakala ambayo hujawahi kuifungua hujui kama unayo. Ukifuta faili kwa ujinga wako, majenereta yao yote hayatakurudishia. Soma mkataba, uulize nani anakuja seva ikigoma, na anakuja upesi kiasi gani. Na majina ya wanaoruhusiwa kuingia yapunguze, mtu akiacha kazi mwondoe siku hiyohiyo. Upande wa gharama, Madamu alilalamika mwezi wa kwanza. Kisha akaanza kuangalia tulichokuwa tunamwaga kwenye dizeli, kwenye betri zinazokufa kila mara na kwa fundi wa kiyoyozi aliyekuwa kama mfanyakazi wetu wa kudumu, akanyamaza.

Mimi mwenyewe ilinichukua muda kuamini. Mvua ya kwanza kubwa baada ya kuhama, umeme umekatika karibu mji wote, nikajikuta niko getini kwa Opio, nimelowa. Jina langu lilikuwepo, akanifungulia, Brenda akaja.

"Anti, kuna shida?"

"Nimekuja kuangalia kama kuna shida."

Akanionyesha. Taa za kijani, feni zinaimba. "Umeme imeenda zamani, tuko kwa jenereta," akasema. "Hata hujasikia. Enda nyumbani, Anti. Tukikuhitaji tutakuita."

Nikarudi Kyebando, nikakaa sebuleni nimeshika simu mkononi kama mtu anayengoja habari mbaya. Haikuita. Nikapika, nikala, haikuita. Sijui kama mnaelewa raha ya namna hiyo. Mwili unaanza kulegea sehemu ambazo hukujua zilikuwa zimekaza. Nililala kwenye kochi na viatu miguuni.

Kile chumba cha zamani tukampa Musa na wenzake. Kiyoyozi kikabaki, meza ya pasi ikawekwa, na keki za watu zikakaa humo kwa amani. Ijumaa kabla ya swala utamkuta Musa amesimama hapo na kanzu yake, akipiga pasi bila kuvizia mtu.

Halafu nikampigia mama. "Vaa ile gomesi ya bluu," nikamwambia. "Nakuja."

Operesheni ilikwenda salama. Walimtibu jicho la kulia kwanza, maana ndilo lililokuwa limeziba kabisa, wakalifunga bandeji mpaka kesho yake. Asubuhi niliketi kitandani kwake wodini, mkoba wangu kando, tukimngoja nesi. Redio ya mgonjwa wa jirani ilikuwa inasoma habari, nikasikia Kampala imenyesha usiku kucha na sehemu za chini zimejaa maji. Namuwongo ilitajwa. Mama aliusikia mwili wangu ukijikaza, akanikamata mkono.

Nesi akaja, akanawa, akaanza kubandua plasta. Simu ikaita. Nikatazama kioo: Madamu.

Kabla sijanyanyuka, nikaona mkono wa mama umeshaniachia, unapapasa shuka, umeupata mkoba wangu na unausukuma kuja kwangu.

"Enda, mwanangu," akasema. "Mgonjwa yako inakuita. Mi nitakuona siku ingine."

Hakukuwa na lawama katika sauti yake. Alisema kama mtu anayesema kumekucha, na hilo liliniumiza kuliko kama angelia. Nesi akasimamisha mikono. Nikapokea palepale nilipoketi.

"Madamu, seva imefanya nini?"

"Seva gani? Nani ameuliza seva?" Nyuma yake nilisikia ndoo, watu wanaitana, maji yanamwagwa. "Hapa tuko na maji mpaka magoti, huko kwa seva ni kukavu, oda zinaingia tu kama kawaida, Musa anapakia. Mimi nauliza mama. Wamefungua hiyo macho? Ameona?"

Nikamwashiria nesi aendelee.

"Zainabu? Uko hapo? Nimeuliza mama ameona?"

"Ndiyo wanafungua sasa hivi, Madamu."

"Basi sikati. Nangojea."

Nikaiweka simu juu ya shuka ikiwa wazi. Nesi akatoa pamba ya mwisho. Mama akafumba jicho, akalifumbua, machozi yakamtoka, akapepesa. Akanitazama usoni kwa muda mrefu, akanitazama nywele, akanitazama mikono, akarudi tena usoni.

"Zainabu," akasema, "kumbe umezeeka hivi!"

Kwenye simu nikamsikia Madamu anapiga kelele za furaha, anawaambia watu wa ndoo kwamba ameona, mama ameona. Mimi nilikuwa nacheka na kulia pamoja, na kwa mguu nikausukuma ule mkoba mpaka ndani kabisa, chini ya kitanda.